Miwa ya Lugazi na Hekalu la Porbandar

Katika mji wa Porbandar, ulio ufukoni mwa Bahari ya Hindi katika rasi ya Kathiawar, Gujarat, limo jengo la mawe liitwalo Kirti Mandir, yaani Hekalu la Sifa. Kimo chake ni futi 79. Ni ukumbusho wa Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika nyumba iliyo ubavuni mwake. Mgeni aingiapo hukabiliwa na picha mbili kubwa, moja ya Gandhi na moja ya mkewe Kasturba, na miguuni pao yamechongwa maneno mawili ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaita Kweli na Kutodhuru. Katika mapambo ya jengo zimo alama za dini sita: ya Wahindu, ya Wabudha, ya Wajaini, ya Waparsi, ya Wakristo na ya Waislamu. Kisha mgeni huingia katika nyumba ya kale, ambayo babu wa baba yake Gandhi aliinunua mwaka 1777, akaonyeshwa mahali hasa alipozaliwa mtoto yule. Hapo sakafuni pana alama ya swastika, ambayo kwa Wahindu ni alama ya heri tangu zama za kale. Hutazama, hunyamaza kidogo, kisha hutoka akaenda zake.

Wageni karibu wote huja kwa ajili ya Gandhi, na hiyo ni haki yao. Insha hii yamfuata mtu mwingine, yule aliyelipa gharama.

Jina lake ni Nanji Kalidas Mehta. Alitoa rupia laki 5 kwa ujenzi wa hekalu, akainunua nyumba ya kale kwa watu wa ukoo wa Gandhi, akaitengeneza isianguke. Alikuwa na kiwanda cha nguo papo hapo Porbandar, na hapana mtu leo awezaye kuitenga rupia iliyotoka huku na shilingi iliyotoka kule. Lakini shina la mali yake lilikuwa Uganda: pamba ya Busoga na Buganda, na miwa ya Lugazi. Kwa sababu hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anayo haki ya kulisoma hekalu lile kama asomavyo daftari la hesabu ambalo baadhi ya kurasa zake ziliandikwa nyumbani kwake.

Desturi ya matajiri kuacha alama zao mahali patakatifu ni kongwe katika nchi zile. Katika rasi hiyo hiyo ya Kathiawar uko mlima Shatrunjaya, juu ya mji wa Palitana, wenye mahekalu ya Wajaini zaidi ya 800. Mengi yalijengwa na wafanyabiashara, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake. Mmoja wao alikuwa Motichand Amichand wa Bombay, ajulikanaye zaidi kwa jina la Motishah. Baina ya vilele viwili vya mlima palikuwa na bonde. Motishah aliamuru lijazwe, na juu yake akajenga kundi zima la mahekalu. Alifariki mwaka 1836 kazi haijatimia, na mwanawe akaikamilisha ibada ya ufunguzi mwaka uliofuata. Motishah alikuwa mwenye marikebu, na katika biashara zake kubwa ilikuwamo kasumba iliyopelekwa China. Waumini wapandao mlima ule kwa miguu, ngazi zaidi ya 3,000, hawaulizi habari za kasumba. Bonde limejazwa.

Huko Bombay, Premchand Roychand, aliyetajirika kwa pamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alitoa fedha za kujengea mnara wa saa wa Chuo Kikuu, ukapewa jina la mama yake, Rajabai, nao ukamalizika mwaka 1878. Na hapa petu, msomaji wa Unguja apitaye bandarini alijua jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa ambalo Tharia Topan, mtu wa Kutch, alilianzisha mwaka 1887 liwe hospitali. Tofauti moja na itiliwe maanani. Tharia aliacha jengo lake mahali alipochumia. Wako wenziwe waliochuma pwani hii na bara yake, wakapamba kwao.

Nanji alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, katika jamaa ya Walohana, watu wa biashara. Alikuwa kijana wa miaka 13 hivi alipopanda jahazi kwenda Afrika. Majahazi ya Kathiawar na Kutch yalikuwa yakija kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi, kama yalivyofanya kwa karne nyingi kabla ya meli za moshi. Kwanza alifika Madagascar, akatumika dukani Majunga. Alirudi kwao, akasafiri tena, hata akaingia Uganda, akafungua duka Kamuli katika nchi ya Busoga. Toka dukani akaingia katika kununua pamba, toka kununua akaingia katika kuichambua, na mwaka 1924 kiwanda chake cha sukari kikaanza kazi Lugazi, kwenye barabara itokayo Kampala kwenda Jinja. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, kinaonyesha mtu mwenye bidii isiyolala, mcha Mungu, mfuasi wa madhehebu ya Arya Samaj, ambaye aliamini kwa moyo safi kwamba mali yake ni malipo ya jasho lake. Hapana shaka jasho alilitoa. Lililobaki ni kuuliza ni jasho la nani jingine lililochanganyika na lake.

Ni ajabu ya Porbandar kwamba mwana wake mashuhuri kuliko wote naye alifinyangwa na Afrika. Mwaka 1893 Gandhi, wakili kijana ambaye kazi ilikuwa haimwendei, aliajiriwa na kampuni ya Dada Abdulla, Mwislamu wa Porbandar mwenye biashara Natal. Katika safari hiyo meli ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja kabla ya kushika njia ya kusini. Na huko Lamu, kama alivyosimulia mwenyewe, nusura aachwe na meli. Wote wawili, basi, mwenye hekalu na mlipaji wa hekalu, walifuata bahari ile ile kabla ya dunia kuwajua.

Yafaa sasa tueleze jinsi mali ya Uganda ilivyopatikana, maana neno biashara huficha mengi. Pamba itokayo shambani ina mbegu ndani yake. Ikichambuliwa, theluthi moja hivi huwa nyuzi, na theluthi mbili mbegu. Mkulima hakuwa na mashine ya kuchambulia, akamuuzia mwenye kinu pamba yenye mbegu, na faida iliyokuwamo baina ya pamba mbichi na nyuzi safi ikawa si yake. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliigawa nchi katika kanda za pamba, na wenye vinu wakaungana wasishindane. Mkulima akawa ana uhuru wa kupanda, hana uhuru wa kuchagua mnunuzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake serikali nayo ikaongeza mkono wake: pamba ilinunuliwa kwa bei ya chini kuliko bei iliyouziwa ng'ambo, na tofauti ikawekwa katika mfuko ambao mkulima hakuwa na ufunguo wake.

Vinu hivyo vilikuwa vya Wahindi na vya Wazungu, na sheria ilikuwa ya Waingereza. Sipendi kumtwika mtu mmoja mzigo wa utaratibu mzima. Nanji hakuutunga utaratibu ule. Aliukuta ukitungwa, akajua kuishi ndani yake kuliko wengi.

Miwa ni habari ya namna nyingine. Muwa ukikatwa hauna subira: sukari iliyomo hupungua kwa kila siku unayolala bila kushindiliwa. Kwa hiyo shamba na kiwanda sharti viwe mahali pamoja, na wakataji sharti wapatikane karibu mwaka mzima. Waganda wenye vipande vya ardhi na pamba yao wenyewe hawakuitaka kazi hiyo kwa ujira uliotolewa. Wakataji wakatoka mbali: Ruanda-Urundi, Kigezi, na wilaya ya West Nile. Wengi walikuja kwa miguu wakitafuta fedha ya kodi, wakakaa kambini, wakakata miwa kwa panga tangu alfajiri, wakarudi kwao au wakafa huko huko. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizowaunganisha watu hawa wa makabila mbalimbali. Na wapendao kusema kwamba Uganda haina historia ya Kiswahili wangefanya vema kwenda kuitafuta katika mashamba ya miwa.

Na tuziweke tarehe pamoja, kwa kuwa tarehe zikikaa pamoja husema jambo ambalo kila moja peke yake hailisemi.

Mwaka 1944 Gandhi alitolewa kifungoni mwa Waingereza katika jumba la Aga Khan huko Poona. Ndipo watu wa Porbandar, pamoja na mtawala wao Maharana Natvarsinhji, Darbar Gopaldas Desai na Nanji Kalidas, waliposhauriana juu ya ukumbusho. Nyumba ya ukoo ikanunuliwa kwa hati, na Gandhi mwenyewe akaridhia kwa maandishi. Mwaka 1947 Gopaldas Desai akaweka jiwe la msingi. Tarehe 30 Januari 1948 Gandhi akauawa mjini Delhi. Tarehe 27 Mei 1950 Sardar Vallabhbhai Patel, miezi michache kabla ya kufa kwake mwenyewe, akalifungua hekalu. Husemwa kwamba futi 79 ni hesabu ya miaka ya Gandhi. Alikuwa amekwisha timiza miaka 78, yu ndani ya mwaka wake wa 79. Lakini jiwe la msingi liliwekwa yeye akiwa hai, na hapana mjenzi apimaye kimo kwa umri wa mtu ambaye hajafa. Kwa hiyo kimo hicho, au walau maana yake, kiliamuliwa baada ya risasi za Delhi. Jengo lililoanza kama heshima kwa mtu aliye hai likamalizika kama kaburi lisilo na maiti.

Hiyo ni safu moja ya tarehe. Ya pili ni hii. Januari 1945 palitokea ghasia na migomo katika Uganda. Aprili 1949, mwaka mmoja na mwezi kabla ya Patel kulifungua hekalu, watu wa Buganda waliinuka tena, na miongoni mwa madai yao yalikuwamo haya mawili: waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe, na waruhusiwe kuiuza wenyewe. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, askari waliitwa. Haikuwa mpaka mwaka 1952, chini ya gavana Andrew Cohen, ndipo serikali ilipoanza njia ya kuvitwaa baadhi ya vinu kwa fidia ili viende kwa vyama vya ushirika vya Waafrika.

Kwa hiyo mafundi walipokuwa wakichonga Kweli na Kutodhuru kule Porbandar, wakulima waliolima sehemu ya utajiri ule walikuwa wakidai kinu. Sisemi kwamba waliochonga walijua. Nasema kwamba bahari ile ile iliyoleta jahazi la mtoto wa miaka 13 ilikuwa pana vya kutosha kuzuia sauti moja isifike upande wa pili.

Je, Gandhi angesema nini? Swali hili si la kubuni, kwa sababu alikwisha lijibu katika maisha yake. Hakuwachukia matajiri. Aliishi katika fedha zao na majumba yao. Aliuawa katika bustani ya jumba la Birla. Hekalu la Laxminarayan mjini Delhi, lililojengwa na ukoo huo wa Birla, alilifungua yeye mwaka 1939 kwa sharti kwamba watu wa kila tabaka, hata walioitwa najisi, waruhusiwe kuingia. Fundisho lake lilikuwa kwamba mwenye mali si mwenye mali hasa, bali ni mshika amana. Kilichozidi haja yake amewekewa kwa ajili ya watu. Wakosoaji wake wa mrengo wa kushoto waliliona fundisho hilo kuwa blanketi la kuwafunika mabepari, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki, maana mwenye kushika amana ndiye pia aliyepewa kuamua lini airudishe na kwa nani.

Lakini kipo kisa cha Ahmedabad, ambacho wakosoaji hao aghalabu hukipita mbio. Gandhi alipofungua ashrama yake mwaka 1915 alikaribisha jamaa moja ya watu waliohesabiwa najisi, na wafadhili wakakata misaada. Mkoba ulikuwa karibu mtupu tajiri mmoja alipofika kwa motokari, akampa rupia 13,000, akaondoka. Wanahistoria wamtambua kuwa ni Ambalal Sarabhai, mwenye viwanda vya nguo. Mwaka 1918 wafanyakazi wa viwanda vya Ahmedabad waligombana na matajiri wao juu ya ujira, na kiongozi upande wa matajiri alikuwa huyo huyo Ambalal. Gandhi alisimama na wafanyakazi. Alidai nyongeza ya asilimia 35, akafunga chakula siku tatu, mpaka jambo likapelekwa kwa mwamuzi, na nyongeza hiyo ikapatikana. Dada yake Ambalal, Anasuya, naye alikuwa pamoja na wafanyakazi. Zawadi ilipokewa kwa shukrani, ila haikununua ukimya wa mpokeaji.

Kwa mizani hiyo, na si kwa mizani ya wivu, hekalu la Porbandar lina deni. Amana ya mali ya Lugazi ilikuwa ya nani? Kama mshika amana alipata mali yake kwa jasho la Msoga, la Mganda, la Mnyarwanda na la mtu wa West Nile, basi hao ndio waliokuwa wa kwanza katika orodha ya wenye kuwekewa. Pembeni mwa hekalu vimo vyumba viwili vya kuwakumbuka wasaidizi wa Gandhi, Maganlal Gandhi, aliyefanya kazi kubwa katika ashrama na katika ufumaji wa nguo za mkono, na Mahadev Desai, katibu wake. Ni jambo jema kuwakumbuka wasaidizi. Mkata miwa naye alikuwa msaidizi wa jengo lile, naye hakutengewa chumba.

Haki yataka niseme pia yaliyo upande mwingine wa daftari. Huyu hakuwa tajiri wa kujenga hekalu moja akalala. Katika miaka ya 1930 alianzisha Porbandar shule ya bweni ya wasichana, Arya Kanya Gurukul, katika zama ambazo wazazi wengi wa Kathiawar hawakuona haja ya binti kusoma. Na binti yake Savita, mcheza ngoma mashuhuri za Manipur, aliitumikia shule hiyo. Wala Wahindi wa Afrika Mashariki hawakusahau kabisa mahali walipo: baada ya kifo cha Gandhi walichanga fedha kwa ajili ya chuo cha ukumbusho wake Nairobi, chuo ambacho kiliunganishwa na kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na sanamu ya Gandhi iliyofunuliwa hapo mwaka 1956 ni ushahidi. Ukumbusho wa Nairobi ulikusudiwa kufundisha watu wa rangi zote. Naona katika michango ile mwanzo wa kuelewa jambo ambalo mawe ya Porbandar hayakulielewa.

Nanji alifariki Porbandar mwaka 1969. Hakuona yaliyofuata. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90, na kiwanda cha Lugazi kikaingia mikononi mwa serikali, kikachakaa. Udhalimu wa amri ile hauhitaji maelezo: mkata miwa hakupata hata shilingi moja kwa kufukuzwa kwa mwenye miwa, na wengi walikosa hata kazi. Katika miaka ya 1980 ukoo wa Mehta ulirudi, ukakifufua kiwanda kwa ubia na serikali. Kisha mwaka 2007 ukatokea mpango wa serikali wa kuitoa sehemu ya msitu wa Mabira, hekta 7,100 hivi, karibu robo ya msitu, ili ilimwe miwa ya Lugazi. Mwezi Aprili watu waliandamana Kampala, maandamano yakageuka ghasia, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo Mhindi mmoja aliyekuwa akipita njiani. Mpango uliwekwa kando. Aliyeuawa hakuwa na shamba wala kinu. Alilipa hesabu ambayo haikuwa yake, kama vile wakulima wa 1949 walivyolipia hesabu isiyokuwa yao.

Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa katika Mto Naili huko Jinja. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, Inder Kumar Gujral, alifunua pale sanamu ndogo ya kichwa na mabega, na watalii waendao kutazama chanzo cha mto hupiga picha mbele yake. Atokaye Kampala kwenda kuiona hupita Lugazi kwanza. Huona miwa kando ya njia, moshi wa kiwanda, na malori yaliyoshindiliwa mabua hata yakaanguka barabarani, watoto wakayaokota na kuyatafuna. Baadaye barabara huingia katika kivuli cha Mabira, na msitu ukiisha haubaki mwendo mrefu kufika mtoni.